Manyoya Juu ya Vitanda vya Chai

Mpaka namaliza chuo kikuu na kurudi Tukuyu, nilikuwa sijui kwamba koti linaweza kujazwa manyoya ya ndege. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza, "Kweli hukujua?" Sikujua. Mama mdogo, ambaye alikuwa akiuza mitumba sokoni na ndiye aliyelitoa koti lile kwenye robota kwa mikono yake, naye hakujua. Yeye alisema ndani mna pamba, mimi nikasema ni sponji. Tulibishana mpaka chakula kikapoa, na hakuna kati yetu aliyefikiria bata.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Duka la ushirika lilikuwa limegeuka duka la mtu. Serikali, ambayo wenzangu waliotangulia walikaa tu nyumbani wakingoja barua yake ya kupangiwa kazi, ilikuwa haimpangi mtu tena. Na kiwanda cha chai ambacho nusu ya watu wa kwetu waliwahi kukifanyia kazi kilikuwa kimepata mwenyewe mpya. Nilipata nafasi hapo, miezi mitatu ya majaribio, katika chumba cha ubora. Asubuhi za zamu ya vituo napanda lori kwenda vituo vya kununulia majani, Kyimo au Kisondela, nakagua vikapu vya wakulima kama wamechuma majani mawili na chipukizi au wamechanganya na magumu. Mchana narudi kumsaidia mwonjaji wa chai.

Mama mdogo ndiye aliyenipa koti. "Afisa hasimami mbele ya watu kajitanda nailoni ya mbolea," alisema. Lilikuwa la bluu, zito kiasi, nje linang'aa na mvua inateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Nililipenda mno. Sikujua kwamba koti la namna hiyo likishazeeka maji hupenya kwenye mishono ya mabega, na yakishaingia hayatoki, kwa sababu ile ngozi ya nje inayozuia mvua kuingia inayazuia pia kutoka.

Wiki ya pili ya masika lililowa mpaka ndani. Nililitundika chumbani siku tatu. Wanaoijua Tukuyu wakati wa masika wanajua kwamba kutundika nguo chumbani ni kuihamisha tu kutoka mahali penye unyevu kwenda pengine. Siku ya tatu lilikuwa zito vilevile, kile cha ndani kimeshuka chote chini kwenye pindo kikawa mabongemabonge, na limeanza kunuka kama kikapu kilichosahauliwa. Mama mdogo akanihurumia, akalipeleka jikoni, akalining'iniza juu ya moto, pale yanapokaa mahindi ya mbegu. Kesho yake niliingia nalo chumba cha kuonjea.

Mwonjaji alikuwa na kijiko mdomoni. Alikitoa, akakiweka mezani taratibu, akanyoosha kidole mlangoni.

"Toka na hilo koti."

"Nimelianika tu, mzee."

"Umelikausha kama samaki. Chai ni kama mtoto mchanga, kila kinachopita inakishika. Likirudi na moshi, usirudi nalo."

Nilisimama kibarazani. Mimi ni mtu ambaye akiambiwa "usirudi nalo" husikia "usirudi." Jioni nililifua kwa sabuni ili kutoa moshi, jambo lililomaanisha kwamba sasa lilikuwa limelowa kuliko hata siku ya mvua. Na keshokutwa asubuhi lori lilikuwa linanipeleka tena vituoni.

Nilikaa kitandani nikifikiri. Jua hakuna. Jikoni moshi. Pasi ya mkaa ingeliunguza. Juu ya kile kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya shingo palikuwa na picha ya pasi iliyopigwa mistari miwili ya kukatana. Chumba cha tanuri pale kiwandani kina joto, lakini mpakia kuni alikuwa na koti la mvua la nailoni lililogusa bomba likayeyuka kama mshumaa, na kipande chake cha kijani bado kipo pale bombani. Nikakitazama tena kile kitambaa cha shingoni. Palikuwa na bakuli lenye mkono ndani, na mraba wenye duara, na ndani ya duara nukta moja tu. Chini yake palikuwa na maneno ya lugha ya Ulaya nisiyoijua. Maneno niliyaruka. Picha nilizitafsiri kwa saa nzima, kama mtihani, nikafikia jibu: hewa ya uvuguvugu, inayozunguka, bila moto kuonekana. Na mahali pamoja tu katika wilaya yote ya Rungwe palikuwa na hewa ya namna hiyo.

Ghorofa ya juu ya kiwanda ndipo majani mabichi hunyaushwa. Yanalazwa juu ya vitanda virefu vya wavu, na chini ya kila kitanda feni kubwa inasukuma hewa ya vuguvugu ipande kupitia kwenye majani mpaka yalegee. Mtu wa vitanda vile alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi hapo tangu kiwanda kikiwa cha serikali. Hakuwa na saa. Alikuwa akichota majani, anayabana kwenye ngumi, anafungua mkono na kutazama yanavyojikunjua. Kazi yangu moja ilikuwa kupanda na vipimo kuhakiki mkono wake. Nilihakiki mwezi mzima. Sikuwahi kuukuta mkono ule umekosea.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, nilipanda ngazi na koti langu kwenye karai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Msomi." Ndivyo walivyoniita wote. Akatazama karai. "Leo umetuletea samaki?"

"Ni koti. Kile kitanda cha mwisho kina majani?"

"Hakina. Lakini hapa siku hizi si mahali pa kuanika nguo. Kuna tangazo pale mlangoni."

"Najua, mzee. Mimi ndiye niliyeliandika."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kiswahili chake kilikuwa na mvuto wa Kinyakyusa, na akicheka kilizidi. "Basi wewe unajua linavyosema kuliko mimi." Akaliinua koti, akalinusa kama anavyonusa majani. "Moshi hakuna. Weka. Mpaka wenye tangazo wapande, liwe limetoka."

"Ndaga, mzee," nikamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Usiseme ndaga. Sema haraka."

Nililigeuza ndani nje, nikafungua zipu zote, nikalilaza kwenye wavu. Hewa ikaanza kupita chini yake. Hapo ingetosha. Mtu mwingine angeshuka aendelee na kazi. Mimi nilisimama nikaanza kufikiri kwamba hewa inapiga kitambaa tu, haifiki kule kwenye mabonge, na mabonge yasipokauka yataoza, na yakioza yatanuka, na yakinuka nitatolewa tena mlangoni. Mfukoni nilikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Nikafumua mshono wa bitana kwenye pindo, upana wa vidole vinne, ili upepo uwe na pa kuingilia. Niliona kitu cheupe-kijivu, kimelowa, kama uji ulioganda. Nikajisemea, basi mama mdogo kashinda, ni pamba. Nikashuka nimeridhika sana na nafsi yangu.

Mchana, tulikuwa tumeonja vikombe kama thelathini niliposikia mtu anapiga kelele juu. Si kelele za kuumia. Ilikuwa kelele ya mtu aliyeona kitu asichokuwa na jina lake.

Nilipofika kwenye kizingiti nilidhani ukungu umeingia ndani. Kwetu ukungu huingia ndani mara nyingi. Lakini ukungu haupandi na kushuka. Chumba kizima, kutoka kitanda cha mwisho hadi cha kwanza, kilikuwa kimejaa vitu vyeupe vidogo visivyo na uzito, vinarushwa juu na feni, vinagonga mabati, vinarudi, vinatua kwenye majani, vinarushwa tena. Kimoja kilitua mdomoni mwangu. Nikakitoa kwa vidole. Kilikuwa nyoya.

Nakumbuka nilishika fremu ya mlango na kusema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, "Ni ndege. Ndani mlikuwa na ndege."

"Nani kachinjia kuku humu?" aliuliza mmoja wa vijana wanaobeba majani.

"Kuku gani hana damu? Hawa ni malaika wamegombana."

"Malaika wa kwenu wana manyoya mafupi hivyo?"

Mzee hakuwa anacheka. Alikuwa anakimbia, na nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia, akizima feni moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilipozimika pakawa kimya, na katika kimya kile manyoya yote yaliyokuwa hewani yakaanza kushuka, polepole sana, yakilala juu ya majani mabichi yenye unyevu. Yalilala na kushika. Vitanda sita. Majani ya kina mama wa Kyimo ambao jana yake nilikuwa nimewarudisha nyuma kwa sababu ya jani moja gumu kwenye kikapu.

Mzee akalinyakua koti, ambalo sasa lilikuwa limenywea kama puto lililopasuka, akalisukumiza kwenye gunia, akaketi juu ya gunia. Wakati huohuo meneja akatokea ngazini.

Meneja aliletwa na wenye kiwanda wapya. Hakuwa mtu wa kupayuka, na hilo ndilo lililotutisha. Watu wote tulijua kwamba Ijumaa ile ingebandikwa orodha ya wanaopunguzwa kazi, na kwamba yeye ndiye mwenye kalamu.

"Nini hiki?"

"Manyoya, bwana," mzee akajibu.

"Naona ni manyoya. Yametoka wapi?"

Mzee hakunitazama hata kidogo. "Kwenye mto wangu, bwana. Niliuanika hapo, ukapasuka."

"Mto? Mto wa nini kiwandani?"

Nilimwona mzee akifikiri. Nadhani hakuwa amefika mbali hivyo katika uongo wake.

"Wa kulalia, bwana."

"Unalala kazini?"

"Mara mojamoja."

Watu kama saba walikuwa wamesimama pale, na kila mmoja alilijua koti langu la bluu, na kila mmoja alijua kwamba mzee yule hata kukaa hakai. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi niliufungua wangu. Nakumbuka ulivyofunguka na hewa ilivyoingia. Nilikuwa na sentensi tatu tayari na nikawa nazipima ipi ianze, na wakati nazipima meneja akasema, "Vyote visafishwe. Mzee, nitakuita," akashuka.

Tangu siku ile siwaamini watu wanaosema walinyamaza kwa sababu hawakujua la kusema. Mimi nilijua.

Kina mama wa kupakia wakaitwa juu, tukakaa kuzunguka vitanda tukichambua nyoya mojamoja. Manyoya yale hayashikiki. Ukilifuata linakimbia upepo wa mkono wako, ukiliacha linalala.

"Msomi, chuo ulisomea kuku?" mmoja aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Mwache, mama. Koti lake limeangua vifaranga, ana uchungu wa uzazi."

Walicheka, lakini si kwa ubaya, na mimi nikawa natamani wangenitukana. Nikasogea kitanda alichokuwa mzee.

"Mzee, kwa nini ulisema vile?"

"Vipi?"

"Mto."

"Ningesema koti, angetaka kuliona. Koti lina mwenyewe."

"Atakufukuza."

Akabana majani kwenye ngumi, akafungua mkono, akayatazama. "Jina langu liko kwenye ile orodha ya Ijumaa. Karani aliniambia. Mimi naondoka kwa vyovyote, acha niondoke na mto. Wewe hata kuandikwa kazi hujaandikwa. Chambua."

Nikachambua. Na aibu yangu kubwa ni hii: maneno yale yalinipa nafuu. Kwa saa nzima na zaidi nilikuwa mtu aliyepona. Nilijiambia kwamba nikisema ukweli simwokoi yeye, kwa kuwa ameshaandikwa, najiangamiza mimi tu. Kwamba hata yeye mwenyewe hataki. Kwamba kumkataza mzee wema wake ni utovu wa adabu. Nilikuwa na hoja nzuri, zimepangwa vizuri. Kisha nikamwona anatoa nyoya kwenye jani kwa kucha, ameinama karibu sana kwa sababu macho hayaoni vizuri, na hoja zote zikaanguka. Nilishuka ngazi kabla hazijaamka.

Meneja alikuwa anakunywa chai. Nikasema yote kwa pumzi moja, kuanzia moshi wa jikoni.

Alisikiliza. Kisha akauliza swali nisilolitarajia. "Ulilikata kwa wembe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliona maji hayana pa kutokea."

Akaweka kikombe chini. Kumbe alikuwa amesoma nchi ya baridi, na alikuwa na koti kama lile. "Hilo ni la manyoya ya bata. Halikatwi wala halipelekwi motoni. Unalibana ndani ya taulo bila kulikamua kwa kulipinda, linyonywe maji. Unalilaza mahali pakavu penye hewa, mbali na joto kali. Kila baada ya muda unalipigapiga na kuachanisha mabonge kwa vidole. Siku mbili, siku tatu. Ni nguo ya subira." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza jirani, na upole ule ulinishtua kuliko ambavyo matusi yangenishtua. "Sasa andika tukio kwenye kitabu cha siku."

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Niliweka hadi picha za shingoni. Akausoma, akaukata wote kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: Manyoya, koti la mfanyakazi wa ubora, vitanda sita.

"Na mzee?" nikauliza.

"Nitazungumza naye."

Ningeuliza atazungumza naye nini. Sikuuliza. Majani ya vitanda viwili vya karibu na koti yaliagizwa yamwagwe kwenye shimo la mbolea, na kina mama walisimama dirishani wakayatazama yakimwagwa, kama watu wanaotazama mazishi ya mtu wasiyemfahamu vizuri.

Koti nililirudisha nyumbani ndani ya lile gunia. Mama mdogo alipoona lililobaki alikaa chini. "Manyoya! Na mimi nimewaambia watu wangapi ni pamba?" Kisha akashika kichwa. "Nilimwambia mama mmoja alichemshe." Tulilibana kwa taulo, tukashona ule mfumuo kwa mishono midogomidogo, tukalilaza juu ya meza chumbani, mbali na jiko. Kila nilipopita nililipigapiga. Mabonge yaliachana kwa vidole kama alivyosema meneja, na siku ya tatu lilikuwa kavu, jepesi, upande mmoja umejaa na upande mwingine ngozi tupu. Halikuwa na harufu yoyote. Ningeweza kuliingiza chumba cha kuonjea, na nililiingiza.

Maana sikufukuzwa. Mpaka Ijumaa hakuna aliyeniambia neno. Mzee naye alikuwa juu kwenye vitanda vyake kila siku, na nilipomuuliza kama ameitwa alisema, "Niliitwa. Tuliongea habari za mito."

Ijumaa saa sita karani akabandika karatasi kwenye mlango wa stoo. Watu walijaa, wakasoma, wakaondoka, wengine haraka na wengine polepole. Mimi sikuwa na sababu ya kwenda. Watu wa majaribio hawaandikwi kwenye orodha ya kupunguzwa. Mzee akaja akasimama kando yangu, akaufuta mkono wake kwenye suruali.

"Msomi, nisomee. Miwani nimeacha nyumbani."

Nikasogea. Majina yalikuwa yamepigwa chapa, yamepangwa kwa herufi. Lake lilikuwa la tisa. Lilikuwa katika mstari wake, wino uleule, halikuongezwa kwa mkono wala kubanwa pembeni. Nililitazama kutafuta alama yoyote ya kuniambia kama lilikuwapo kabla ya manyoya au liliingia baada yake, na karatasi nzima ingeweza kuwa imepigwa chapa upya asubuhi ile, na ingeweza kuwa haikupigwa.

"Lipo, mzee."

"Lipi?"

"Lako. La tisa."

Nikageuka kumtazama, nikitegemea kuona uso wa mtu anayesikia habari anayoijua. Uso haukuwa huo. Midomo ilikuwa imeachana, na macho yanaitafuta ile karatasi kama mtu aliyeitwa ghafla kwa jina lake gizani.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, jina lake na la baba yake.

"Mzee, si ulisema karani alikuwa amekuambia?"

"Nilisema."

"Kwa hiyo hakukuambia."

"Karani huyu?" Alitikisa kichwa taratibu. "Huyu hata salamu hanipi."

Nje lori la Kisondela lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwenye mizani, limejaa majani yaliyonyeshewa. Mzee alilisikia kabla yangu. Aliikunja mikono ya shati lake, mmoja, kisha wa pili, akaelekea ngazini, kwa sababu zamu yake ilikuwa inaisha saa kumi na majani yaliyolowa yakirundikwa huungua yenyewe. Katikati ya ngazi akasimama.

"Njoo ushike upande wa pili wa kitanda," aliniambia. "Majani ya leo ni mazito."